Maurice Odumbe: Mgala Muue na Haki Yake Mpe



Najua wengi wetu tumelelewa na kabumbu. Ukitaja kriketi mtu anapiga miayo, anakwambia huo mchezo wa Wahindi na Waingereza, haumhusu. Sawa. Lakini huku Hounslow huwezi kuukwepa bwana. Tuko jirani na Southall, chini ya njia ya ndege zinazoshuka Heathrow, na mitaa imejaa watu waliozaliwa Nairobi, Kisumu, Kampala na Mombasa. Wazee wao walianza kuja kwa wingi mwaka 1968, wakiwahi kabla Uingereza haijawafungia mlango Wahindi wa Kenya waliokuwa na pasipoti zake, na wengine wakaletwa na amri ya Idi Amin mwaka 1972. Pita bustani ya Lampton siku ya jua utawakuta watoto na magongo yao, na pembeni wazee wamekaa wanabishana kwa Kigujarati, Kipunjabi, Kiingereza, na ubishi ukikolea, kwa Kiswahili!

Ubishi ninaotaka kuueleza ulianza kwa jambo dogo tu. Mzee mmoja mzaliwa wa Ngara, Nairobi, alinunua kikombe cha kushindaniwa na watoto wetu, akataka kiitwe kwa jina la Maurice Odumbe. Wazazi wawili watatu wakaja juu. Mmoja akasema, "Mzee, kwa heshima zote, watoto wetu utawapa kikombe cha mtu aliyefungiwa kwa pesa za kamari?" Mzee akamjibu, "Wewe siku ile ulikuwa wapi? Mimi nililia kwa furaha kwa sababu ya huyo mtu." Toka siku hiyo hakukaliki. Mimi nikaombwa nieleze mambo yalivyokuwa, maana inajulikana nafuatilia habari hizi tangu zamani. Nimeona niyaweke hapa, kwa sababu swali lenyewe ni kubwa kuliko kikombe.

Kwanza, alifanya nini huyu bwana?

Kwa wasioujua mchezo: katika kriketi ya siku moja kila upande unarushiwa ova 50, na kila ova ina mipira 6. Mpigaji anatafuta mikimbio, mrushaji anatafuta wiketi, yaani kumtoa mpigaji. Odumbe alikuwa hodari wa yote mawili. Alipiga katikati ya safu, na alirusha mpira wa polepole unaojipinda ukigusa chini.

Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, India, Kenya ilikuwa inacheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, naye ndiye nahodha. Wapinzani ni West Indies, mabingwa wa dunia wa 1975 na 1979, wakiwa na Brian Lara. Kenya ikatolewa kwa mikimbio 166. Steve Tikolo, mpigaji wetu mkubwa kuliko wote, alipata 29 tu. Watu wakasema basi, yamekwisha. Lakini West Indies walikufa kwa 93! Rajab Ali alimwondoa Lara mapema, na Odumbe alirusha ova zake 10 akatoa mikimbio 15 peke yake na kuchukua wiketi 3. Akawa mchezaji bora wa mechi. Hadi leo ni mojawapo ya maajabu makubwa ya mashindano hayo.

Halafu 28 Mei 1998, Gwalior. Kenya iliifunga India nyumbani kwake kwa mikimbio 69. Odumbe alipiga 83, akachukua na wiketi 3. Mchezaji bora wa mechi tena.

Mwaka 1999 Kombe la Dunia lilikuja hapa Uingereza. Tarehe 30 Mei tulijibana kwenye gari moja tukashuka M3 hadi Southampton, uwanja wa zamani wa Northlands Road, kuona Kenya na Sri Lanka, waliokuwa ndio mabingwa. Wiketi zetu 5 zilianguka mapema, wengine wakaanza kufungasha vikapu vya chakula. Ndipo Odumbe na Alpesh Vadher wakasimama. Waliongeza mikimbio 161 pamoja, rekodi ya dunia wakati ule kwa wiketi ya sita. Odumbe alipata 82. Tulishindwa, ndiyo, lakini tulirudi Hounslow tunaimba. Mwafrika na Mhindi wa Kenya wamesimama bega kwa bega mbele ya mabingwa wa dunia, na sisi kwenye majukwaa tulikuwa vilevile. Kwa waliohama kama sisi, kitu kile kilikuwa na maana ambayo takwimu haziwezi kuibeba.

Na mwaka 2003, Afrika Kusini, Kenya ilifika nusu fainali. Kweli New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa sababu ya usalama, tukapewa pointi za bure. Lakini Sri Lanka, Bangladesh na Zimbabwe tuliwafunga uwanjani. Mechi ya Bangladesh mjini Johannesburg, nani alikuwa mchezaji bora? Odumbe: mikimbio 52 bila kutolewa, na wiketi 4.

Sasa takwimu. Katika mechi 61 za kimataifa za siku moja alikusanya mikimbio 1,409 na wiketi 39. Hajawahi kufikisha mia. Tikolo amempita mbali sana, ana zaidi ya mikimbio 3,000. Kwa hiyo wale wanaosema Odumbe hakuwa mkubwa kiasi hicho wana karatasi ya kuonyesha. Ila mimi nawaambia hivi: wastani unahesabu siku zote sawasawa, na siku hazilingani. Pune, Gwalior na Johannesburg ni ushindi dhidi ya nchi tatu zilizokuwa na hadhi kamili ya mchezo huu au zimeshaipata, na mara zote tatu aliyetajwa bora ni mtu yule yule.

Pili, alikosa nini?

Hapa ndipo watu wanapochanganya mambo, kwa hiyo tuende polepole. Mwaka 2000 nahodha wa Afrika Kusini, Hansie Cronje, alikiri kupokea pesa za watu wa kamari, na kriketi yote ikatikisika. Baraza la kimataifa la mchezo likaunda kitengo cha kupambana na rushwa. Kitengo hicho ndicho kilichomfuata Odumbe. Shauri lilisikilizwa Nairobi mbele ya Ahmed Ebrahim, jaji mstaafu wa Zimbabwe, na Agosti 2004 akapatikana na hatia ya kupokea pesa, si mara moja, kutoka kwa Mhindi mmoja aliyejulikana kwa kuchezesha kamari. Miongoni mwa mashahidi alikuwepo aliyekuwa mke wake. Adhabu: miaka mitano nje ya kriketi. Alikuwa na umri wa miaka 35. Yeye mwenyewe alikana.

Angalieni sana. Kosa lilikuwa kupokea pesa za mtu wa aina ile. Mikimbio yake haikufutwa. Matokeo ya Pune hayakubadilishwa. Anayesema kwenye benchi la Lampton kwamba "Odumbe aliuza mechi ya West Indies" anasema jambo ambalo hakuna aliyelithibitisha, na anawapaka matope wachezaji wengine kumi waliokuwa uwanjani.

Lakini na wale wanaosema "ameonewa tu, pesa ya rafiki ina kosa gani?" nao nawapinga. Mchezo unasimama juu ya imani ya mtazamaji kwamba anachokiona ndicho. Mchezaji akishajulikana anakula na mchezesha kamari, kila mpira alioukosa unaanza kuulizwa maswali, na si wake peke yake, hata wa wenzake wasiojua lolote. Hiyo ndiyo hasara yenyewe. Baada ya 2004 mtu mwenye nia mbaya aliweza kuuliza juu ya ushindi wowote wa Kenya, na sisi tukakosa jibu la haraka.

Wapo pia wanaotetea kwa umaskini. Ni kweli wachezaji wetu walikuwa na ugomvi usiokwisha na viongozi wao juu ya malipo, hata baada ya kufika nusu fainali ya dunia. Mcheza kwao hutuzwa, wahenga walisema, na hawa hawakutuzwa inavyostahili. Jambo hilo linatueleza mwanya ulikuwa wapi. Halimsafishi mtu, kwa sababu wenzake walikuwa na dhiki ile ile na hawakushtakiwa.

Tatu, wengine wamehukumiwaje?

Wamarekani wana kesi yao katika besiboli. Barry Bonds ana rekodi ya kupiga mpira nje ya uwanja mara 762. Anashukiwa kwamba alitumia dawa za kuongeza nguvu, na mwaka 2022 waandishi wa besiboli walimnyima nafasi katika jumba la mashujaa kwa mara ya kumi na ya mwisho katika kura zao, ingawa hakuna anayemzidi kwenye orodha. Tofauti ni kwamba shaka ya dawa inaingia ndani ya pigo lenyewe: unajiuliza, ni mkono wake au ni dawa? Kwa Odumbe ile 83 ya Gwalior ni mkono wake. Swali ni juu ya tabia yake nje ya uwanja.

Kesi ya karibu zaidi iko hapa hapa kwetu. Agosti 2010, uwanja wa Lord's, kijana wa Pakistan Mohammad Amir, miaka 18, alirusha mipira ya makosa makusudi kwa pesa. Yeye alithibitika, na alikiri mahakamani. Novemba 2011 alihukumiwa miezi sita, akapelekwa kwanza gereza la vijana la Feltham. Feltham iko ndani ya Hounslow hii hii, wandugu! Kriketi nayo ilimfungia miaka mitano, sawa na Odumbe. Lakini Julai 2016 alirudi Lord's ile ile akiwa na jezi ya taifa, na majirani zangu wengi walimshangilia. Baadhi yao ndio leo wanaokataa jina la Odumbe kwenye kikombe. Nilipowakumbusha, mmoja alicheka, akasema, "Amir alikuwa mtoto, na alisema samahani."

Nadhani hapo kaligusa jambo. Kurudi kunahitaji milango miwili: adhabu iishe, na mtu aseme lililotokea. Odumbe alipitia mlango wa kwanza. Alitumikia miaka yake mitano, akarudi kucheza ligi ya nyumbani mwaka 2009 akiwa na miaka 40, na mwaka 2018 akateuliwa kocha wa timu ya taifa. Mlango wa pili haukufunguka, kwa sababu anayekana hawezi kuomba radhi. Na kama kweli hakutenda, aombe radhi ya nini? Ndiyo maana ubishi wake hauishi kama ulivyokwisha wa Amir.

Bahati mbaya nyingine ni kwamba hakuna kilichokuja baada yake cha kutupoza. Kenya ilicheza Kombe la Dunia kwa mara ya mwisho mwaka 2011, na mwaka 2014 ikapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za siku moja. Laiti tungekuwa na ushindi mpya, tusingegombania ule wa zamani kwa hasira namna hii.

Wahenga walisema mgala muue na haki yake mpe. Methali yenyewe ina ukali wake, na najua baadhi yenu hawapendi kuitumia kwa sababu ya namna inavyowataja watu. Lakini hoja yake ni kwamba hukumu na haki ni hesabu mbili, usiilipe moja kwa nyingine. Odumbe alipewa hukumu yake na akaitumikia. Pune ni haki yake, apewe.

Kuhusu kikombe: mimi nilishauri kisiitwe kwa jina la mtu yeyote. Kikombe cha watoto ni mfano wa kuigwa, na mfano unadai zaidi ya kipaji. Badala yake kichorwe tarehe, 29 Februari 1996, na majina ya wachezaji wote 11 wa siku ile, Odumbe wa kwanza kwa kuwa ndiye alikuwa nahodha. Wazazi wamekubali. Mzee wa Ngara amekubali kwa shingo upande, akalalamika kwamba nimemchagulia sikukuu inayokuja kila baada ya miaka minne.

Nikamwambia, Mzee, ushindi kama ule nao hauji kila mwaka.

Mwenye ushahidi unaopingana na nilivyoeleza anisahihishe, nitashukuru. Mwenye hasira tu, karibu Lampton, chai ipo.

Wasalaam.