Viungo Vinauma, Moyo Unadunda na Bado Uko 24? Usikubali Kila Kitu Kiitwe Brusela

Wasee wa Thika na Ruiru, hii story mnaijua. Msee yuko miaka 24, hajawahi kulazwa, na ghafla mwili unaanza madharau. Magoti yanauma akipanda ngazi za keja. Vidole vinakuwa vigumu asubuhi hadi kufunga kamba za viatu ni kazi. Amekaa tu kwa mat pale Thika Road na moyo unaanza kudunda kama subwoofer. Analala masaa tisa anaamka amechoka kuliko venye alilala.

Akiambia wasee wa base, anachekwa: "Buda, umezeeka." Akiambia mathe, anaambiwa ni baridi na kutembea bila sweta. Akienda kwa maabara ndogo ya mtaa, anadungwa kidole, na baada ya dakika chache anapewa karatasi: taifodi na brusela. Anaanzishiwa sindano, analipa, anarudi home. Wiki tatu baadaye, viungo bado vinauma na moyo bado unadunda. Kilichoisha ni doo tu.

Hakuna mtu anaweza kukuambia una nini bila kukupima. Lakini maumivu ya viungo, moyo kwenda mbio na uchovu, zikikuja pamoja, si jina la ugonjwa. Ni swali. Na swali hilo liko na majibu kadhaa ambayo hospitali ya kawaida hapa Kiambu inaweza kuanza kuyatafuta, bora ujue cha kuuliza.

Kwanza, hii maneno ya brusela

Brusela ni ugonjwa wa ukweli. Bakteria inatoka kwa ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia. Wengi huipata kwa maziwa ambayo hayajachemshwa ama mala iliyotengenezwa na maziwa mabichi. Wengine huipata kazini: wafugaji, wachinjaji na wale wanazalisha mifugo. Inaleta homa inayokuja na kuenda, jasho usiku, maumivu ya viungo na mgongo, na uchovu mbaya. Chai ya maziwa iliyochemka vizuri haikupi brusela.

Shida iko kwa kipimo. Kile cha haraka kimetumika sana kwa maabara zetu kinasema "ndio" kwa watu wengi ambao hawana ugonjwa. Watafiti walikiangalia huko Busia na matokeo yakachapishwa 2017. Walichukua wagonjwa zaidi ya 800 waliokuja hospitalini na dalili zinazofanana na za brusela. Kile kipimo cha haraka kilisema karibu mmoja kati ya watano ako nayo. Damu ileile ilipopimwa na kipimo kingine cha kuaminika zaidi, kinaitwa Rose Bengal, ni karibu asilimia moja tu walipatikana.

Hapo ndio noma iko. Ukiambiwa ni brusela na si brusela, unameza antibayotiki bure, na ule ugonjwa wa ukweli unaendelea kujipanga pole pole. Tena brusela ya ukweli haitibiwi na sindano za siku tatu. Kwa kawaida ni dawa mbili pamoja, na mojawapo inaweza kwenda wiki sita. Ukipewa hilo jina, uliza kwa heshima: "Daktari, mmetumia kipimo gani? Kuna kingine cha kuhakikisha?" Hiyo si kiburi. Ni mwili wako.

Kama si brusela, inaweza kuwa nini?

*Damu kidogo.* Hii ndio ya kwanza kuangalia, hasa kwa madem wenye hedhi nzito. Damu ikipungua, moyo unalazimika kupiga haraka ndio oksijeni ifike. Unachoka, unahema ukipanda ngazi, kichwa kinazunguka. Kipimo cha damu nzima kinaonyesha.

*Tezi ya thairoidi.* Iko hapo mbele ya shingo. Ikifanya kazi kupita kiasi, moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, unatoa jasho na unakonda hata kama unakula fiti. Ikilala, unachoka, unasikia baridi, viungo vinauma na unaongeza kilo. Kipimo cha damu kinachoitwa TSH ndio mlango wa kuingilia hapo.

*Moyo uliogongwa ukiwa mtoto.* Hii watu wengi hawaijui. Mtoto wa kati ya miaka 5 na 15 anaumwa na koo, haitibiwi vizuri, halafu baada ya wiki chache anapata homa na viungo vinauma kwa kuhama: leo goti, kesho kiwiko. Inaitwa homa ya rumatiki. Viungo vinapona, lakini vali za moyo zinaweza kubaki na kovu. Miaka inapita kimya, halafu ukiwa kwa twenties, ama ukiwa na mimba, moyo unaanza kulalamika. Ikishikwa mapema, kuna sindano ya penisilini ya kila wiki tatu au nne, kwa miaka, inayozuia homa isirudi kuharibu zaidi. Uliza mathe: "Nilikuwa mgonjwa wa koo sana nikiwa mdogo? Magoti yaliwahi kufura?" Jibu lake linaweza kumsaidia daktari sana.

*Mwili kujipiga wenyewe.* Kinga ya mwili inachanganyikiwa, inashambulia nyumba yake. Rumatoidi hupenda viungo vidogo vya mikono, pande zote mbili, na asubuhi mikono inakaa migumu kwa nusu saa au zaidi. Lupasi nayo inagusa kila mahali: viungo, ngozi, figo, hadi utando wa moyo. Karibu wagonjwa tisa kati ya kumi ni wanawake, na mara nyingi inaanza kati ya miaka 15 na 44. Angalia madoa kwa mashavu, jua kukuchoma kupita kawaida, vidonda vya mdomo, nywele kutoka, ama mkojo wenye povu.

*Magonjwa ya zinaa.* Tuongee ukweli. Kisonono na klamidia zinaweza kuacha viungo vikiuma na kufura. Virusi vya HIV pia vinaweza kuleta uchovu na maumivu. Kujipima ni rahisi kuliko kukisia.

*Moyo kukimbia ukisimama.* Kuna hali inaitwa POTS: ukilala uko sawa, ukisimama mapigo yanapanda sana, unaskia kizunguzungu na unachoka vibaya. Wengine huipata baada ya kuugua virusi, kama Covid. Wengine ni wale viungo vyao ni laini kupita kiasi, wale walikuwa wanakunja vidole nyuma shuleni kuchekesha watu.

*Vitu tunameza wenyewe.* Kopo la mililita 250 la vinywaji vya nguvu mara nyingi liko na karibu miligramu 80 za kafeini. Piga makopo matatu ndio umalize shifti ya usiku, ongeza kahawa, ongeza muguka, halafu ulale masaa matatu. Miraa na muguka ziko na kemikali inayosukuma moyo na kukunyima usingizi. Kama unaandika online usiku pale Juja ama unaendesha boda hadi saa nane za usiku, anza kuhesabu hapo kabla ya kuogopa makubwa.

*Wasiwasi.* Ndio, stress inaweza kudundisha moyo, kufanya mikono iwashe na kifua kibane. Ni kitu cha ukweli na kinatibika. Lakini "ni stress" inafaa kusemwa baada ya vipimo, si badala ya vipimo. Na stress haifurishi goti.

Mbona jina la ugonjwa linachelewa hivi?

Kwa sababu magonjwa mengi ya hii aina yanaanza na dalili zinazofanana, zinakuja na kuenda. Siku umefika hosi, uko fiti. Na ukiwa kijana, watu wanadhani hauwezi kuwa mgonjwa.

Venus Williams, yule wa tenisi, alijitoa US Open mwaka wa 2011 na kutangaza ako na ugonjwa wa Sjögren, mmoja wa ile familia ya kinga kujishambulia. Uchovu na maumivu ya viungo vilikuwa vimemsumbua kwa muda. Huyo ni mwanariadha mwenye madaktari wa nguvu. Selena Gomez ako na lupasi, na mwaka wa 2017 alibadilishiwa figo kwa sababu yake.

Hapa home tunamkumbuka Njambi Koikai, Fyah Mummah wa reggae. Ugonjwa wake ulikuwa mwingine, endometriosi, lakini alisema wazi venye alizunguka miaka mingi na maumivu kabla ya kupata jina lake, hadi akasafiri Marekani kwa upasuaji. Alifariki Juni 2024. Aliwaachia wasichana wengi ujasiri wa kusema: maumivu yangu si drama.

Form ya kwenda hospitali

Usiende mikono mitupu. Kwa wiki mbili, andika kwa simu: kiungo gani kinauma, saa ngapi, kimefura ama hakijafura, asubuhi kinakaa kigumu dakika ngapi. Andika moyo ulianza kudunda ukifanya nini na ulikuwa umekunywa nini. Kiungo kikifura ama ngozi ikitoa madoa, piga picha. Daktari akiona hiyo, anajua hubahatishi.

Pima mapigo mwenyewe. Weka vidole viwili chini ya kidole gumba kwa kifundo cha mkono, hesabu kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Ukiwa umetulia, kawaida ni kati ya 60 na 100. Halafu lala dakika tano, hesabu. Simama bila kutembea, hesabu tena baada ya dakika mbili, tano na kumi. Kama inapanda kwa 30 au zaidi na kukaa huko juu, onyesha daktari. Chini ya miaka 20, angalia 40. Ukiskia kuanguka, kaa chini mara moja.

Anzia zahanati au kituo cha afya cha karibu. Tangu Oktoba 2024 SHA ilichukua nafasi ya NHIF, na kwa mpango wake huduma za msingi za level 2 na 3 za serikali hazifai kukulipisha ukishajisajili. Unajisajili kwa *147#. Kwenda juu zaidi unahitaji uwe unalipa. Kwa asiye na payslip, kima cha chini ni soo tatu kwa mwezi, inalipwa ya mwaka mzima. Kutoka hapo unaweza kuandikiwa barua ya kwenda hospitali ya Ruiru, Thika Level 5, ama ile ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta pale Kahawa.

Vipimo vya kuanza navyo si vya ajabu: damu nzima, kipimo cha uvimbe wa mwili kama ESR ama CRP, TSH, sukari, mkojo, HIV, na ECG ya moyo. Hivyo vikionyesha njia, ndio daktari anaenda kwa ANA ya lupasi, vipimo vya rumatoidi, ama picha ya moyo inayoitwa eko. Weka kila karatasi kwa faili moja.

Usingoje, kimbia sasa

Kuna dalili hazingoji wiki mbili za kuandika: kuzimia, hasa ukikimbia ama ukicheza boli, maumivu ya kifua, kushindwa kupumua ukilala, miguu kufura, kiungo kimoja kuwa chekundu na moto pamoja na homa, moyo kudunda bila kutulia na kichwa kuzunguka. Pia kama kuna mtu wa familia alikufa ghafla akiwa kijana, sema mapema.

Ukiwa unangoja majibu

Chunga dawa za kutuliza maumivu. Diclofenac ya kila siku inaweza kutoboa tumbo na kuumiza figo. Vidonge vya steroidi vya kununua bila daktari vinakufanya uskie poa kwa wiki, halafu vinaficha ugonjwa wakati wa kupimwa. Punguza makopo ya nguvu na muguka pole pole. Tembea kidogo kila siku badala ya kulala wiki nzima halafu kujimaliza gym Jumamosi.

Na ambia mtu mmoja unaishi naye ukweli. Usiseme tu "nimechoka," juu kila mtu Kenya amechoka. Sema: "Nimekuwa hivi tangu Machi, vidole vinakauka kila asubuhi, na naenda hosi Jumanne. Twende na wewe." Ukiwa na shahidi mle ndani, ni ngumu kurudishwa home na jina la kubahatisha.