Dishi Liko Mtwara, Mtazamaji Yuko Baharini

Ukipita mitaa ya Palma, kaskazini mwa Msumbiji, ukainua macho juu ya mapaa, utaona madishi mengi yameipa bahari mgongo, yanatazama magharibi. Hayo ni ya Azam, televisheni ya kulipia ya Tanzania. Setilaiti yake, mali ya kampuni ya Eutelsat, iko juu ya Ikweta kwenye nyuzi 7 mashariki, karibu kabisa na utosi wa kisiwa cha São Tomé, kilomita zipatazo 36,000 kutoka ardhini. Kwa hiyo Simba na Yanga wakicheza Dar es Salaam, picha hupanda mpaka juu ya Ghuba ya Guinea, upande wa pili wa Afrika, ndipo ituteremkie sisi tulio ng'ambo tu ya Ruvuma. Kupanda na kushuka kote huko huchukua kama robo ya sekunde.

Mimi ni fundi wa madishi. Kazi yangu ni kupanda juu ya mabati, kubadilisha LNB, vile vichwa vya kupokea mawimbi mbele ya dishi, zilizoliwa na chumvi ya bahari, na kubishana na watu wanaoamini kwamba mwembe uliokua mbele ya dishi hauzuii kitu. Ving'amuzi vingi ninavyovishughulikia vilivuka mto kutoka Mtwara, na mwezi ukiisha kuna shemeji au binamu huko anayelipia kifurushi kwa shilingi. Watu wa Maputo hushangaa. Sababu ya kwanza ni lugha: televisheni ya taifa husema Kireno, na barazani kwetu wanasema Kiswahili, Kimwani, Kimakwe na Kimakonde. Halafu kuna mpira. Mwaka 2021 Azam walitia saini mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania kwa shilingi bilioni 225.6. Februari ya mwaka huohuo Luís Miquissone, kijana wa Msumbiji aliyekuwa Simba, aliwafunga Al Ahly bao pekee pale Uwanja wa Mkapa. Siku ile Simba walipata mashabiki huku ambao mpaka leo hawajahama.

Siku hizi naulizwa swali jipya. Mtu anasema: fundi, nyumbani nimelipia, kwa nini nikiwa Ibo, au Nacala, au ndani ya chombo, nisikione kilekile nilicholipia? Jibu ni kwamba inawezekana. Ila wengi huanzia upande usio wenyewe. Wananunua simu kubwa na kuunga bando nono huko waliko, kisha picha inaganda na wanailaumu simu. Mzigo wa kazi hii hauko kwa anayetazama. Uko kwenye nyumba yenye dishi.

Nitaeleza kwa mfano wa kwetu. Dada yangu anakaa Mtwara, Shangani. Mwanawe ni fundi wa injini katika boti inayobeba mizigo kati ya Pemba ya Msumbiji, Ibo na Mocímboa da Praia. Dishi la kawaida haliwezi kufanya kazi kwenye boti, maana linataka kuelekea mahali pamoja tu angani. Likiyumba nyuzi mbili, picha imeondoka. Meli kubwa zina madishi yanayojigeuza yenyewe ndani ya kuba jeupe, na bei yake tuwaachie wenye meli. Basi dishi likabaki Shangani, na picha ikawa inamfuata kijana kwa intaneti.

Wazo hilo si letu. Huko Marekani ndugu wawili, Blake na Jason Krikorian, walikuwa wakisafiri na kukosa mechi za timu yao ya besiboli, San Francisco Giants. Mwaka 2005 wakatoa sokoni kisanduku kilichoitwa Slingbox. Unakichomeka kwenye king'amuzi na kwenye intaneti ya nyumbani, nawe ukiwa popote unafungua picha ileile, unabadilisha hata chaneli. Kilipendwa miaka mingi. Lakini kilitegemea mitambo ya kampuni yenyewe kukikutanisha na mwenyewe, na Novemba 9, 2022 mitambo hiyo ilizimwa. Kwa hiyo ukikutana na Slingbox kwenye duka la mitumba, hata kama inawaka taa zote, mwachie muuzaji.

Chetu tumekiunga wenyewe. Nyuma ya king'amuzi cha dada kuna matundu ya namna mbili. Kuna la HDMI, lenye picha kali, na kuna yale matatu ya AV: njano ya picha, nyeupe na nyekundu za sauti. Kila mtu hukimbilia HDMI. Tatizo ni kwamba mara nyingi picha inayotoka humo imefungwa kwa kufuli linaloitwa HDCP, ili isinakiliwe, na ukiipitisha kwenye kifaa cha kunasa unapata kioo cheusi. Nyaya za rangi tatu hazina kufuli hilo. Picha yake ina mistari 576 tu, ambayo kwenye televisheni ya ukutani inaonekana kuukuu, lakini kwenye simu iliyoegemezwa kwenye dumu la dizeli inatosha kabisa. Nyaya zinaingia kwenye kidude cha kunasa video, kidude kinaingia kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inayoenea kiganjani, na kompyuta inaibana picha mpaka ipite kwenye mtandao. Kijana anaifungua kwa programu ya VLC, ya bure.

Mbele ya king'amuzi nimebandika kijitaa cha rimoti, kinachotoa mwanga usioonekana kwa macho. Mpwa wangu akibonyeza simu yake akiwa Ibo, kijitaa kinamulika Shangani na chaneli inabadilika. Wengi hukiona pambo, kumbe ndicho kinachookoa mpango mzima: umeme ukikatika na kurudi, king'amuzi hakiwaki chenyewe, kinabaki na taa nyekundu kikisubiri mtu akiamshe. Bila kijitaa ingebidi dada aache jiko.

Kuna kikwazo kingine ambacho huwachosha wanaojaribu wenyewe. Intaneti ya laini ya simu haikupi anwani yako peke yako. Kampuni huwapanga wateja wengi nyuma ya anwani moja. Nyumba yako inakuwa chumba ndani ya ua wenye lango moja na wapangaji mamia: mgeni akibisha langoni, hakuna anayejua amtafutie nani. Dawa yake ni chumba kianze kumpigia mgeni. Programu kama Tailscale hufanya hivyo, kompyuta ya Shangani na simu ya kijana zikapata njia yao ya faragha. Kuiweka ni kazi ya nusu saa, na hapo ndipo wengi waliokuwa wamekata tamaa hupona.

Sasa tuje kwenye bando, ambako maneno huwa mengi. Mnara wa simu umepangwa kukuletea vingi na kupokea vichache kutoka kwako, kwa sababu watu wengi hushusha video na wachache hupandisha. Dada anaweza kutazama filamu vizuri kwenye simu yake na bado nyumba yake ikashindwa kutuma picha moja ya mpira. Kwa hiyo nikifika kwenye nyumba ya mteja napima kasi ya kupandisha kwanza, tena jioni, saa ambayo mtaa mzima uko mtandaoni. Picha ya AV iliyobanwa vizuri inataka megabiti 1 kwa sekunde, na niione 2 kwenye kipimo ndipo nifungue mkoba wa vifaa.

Megabiti 1 kwa sekunde ni MB 450 kwa saa. Mechi pamoja na mapumziko na maneno ya wachambuzi ni saa mbili, yaani MB 900. Hizo zinatoka kwenye bando la nyumbani. Kisha zinaingia kwa mtazamaji, nako zinakatwa MB 900 nyingine, safari hii kwa metikali. Mechi moja imelipiwa pande mbili za mto, juu ya kifurushi cha king'amuzi ambacho kimeshalipwa. Dishi lililo juu ya paa la Palma halina hesabu hii: utazame saa moja au mchana kutwa, setilaiti haikuhesabii kitu. Ndiyo maana mtu mwenye paa lake, hata kama ni kisiwani, mimi humuuzia dishi. Intaneti ni ya asiye na paa.

Dishi lina sifa nyingine ambayo wakubwa wa hapa hawana haja ya kuelezwa. Linapokea tu, halihitaji mnara wa karibu. Machi 24, 2021 Palma iliposhambuliwa, mawasiliano ya simu yalikatika, na kitu chochote kilichotegemea minara kikanyamaza pamoja nayo. Hata pasipo vita, Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika kusini mwetu na intaneti ikayumba kuanzia Msumbiji hadi Kenya. Picha ya setilaiti haipiti chini ya bahari. Adui yake ni mvua kubwa, na mvua hupita.

Wako wanaosema Starlink, intaneti ya setilaiti, imemaliza yote. Ilianza kuuzwa Msumbiji Juni 2023, na kwa kuwa setilaiti zake ziko chini, kama kilomita 550 tu, imefika visiwani ambako mnara haujawahi kuota. Kwa anayetazama ni neema. Lakini ukiiweka Ibo huku nyumba yenye dishi inatuma kwa laini dhaifu ya simu, picha itaganda vilevile. Ukipata moja tu, iweke kwenye nyumba yenye dishi, kama huko inaruhusiwa.

Na sheria? Kifurushi ni cha nyumba moja, na haki za mpira huuzwa nchi kwa nchi. Soma masharti ya kampuni yako, na kwanza uliza kama ina programu yake ya simu. Azam wana AzamTV Max, DStv wana DStv Stream. Mtu aliyetaka nimuungie mtambo wa kurusha mechi kwenye vibanda vya kulipia kiingilio nilimwambia atafute fundi mwingine.

Shida ambayo hakuna kifaa nilichotaja kinachoitatua ni kwamba king'amuzi kimoja hutoa chaneli moja kwa wakati mmoja. Kijana akiwa baharini anatazama Yanga, na mama yake Shangani naye analazimika kutazama Yanga. Jumamosi moja simu yangu ililia katikati ya kipindi cha pili.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Boti salama?"

"Salama. Mjomba, Mama kahamisha. Huku kwangu ni Sinema Zetu."

Nikampigia dada. "Mwambie mwanao," akasema, "king'amuzi ni changu, na hii filamu ina mwisho wake."

Picha ya intaneti nayo huchelewa, yetu kama nusu dakika. Wenzake wenye dishi pale Ibo hushangilia kwanza, halafu yeye ndiyo anaona mpira ukipigwa kona. Alizoea. Kilichomshinda ni bando, kwa hiyo tangu msimu uliopita tumebadilisha mpango. Kompyuta ya Shangani sasa ina njia ya pili inayotuma sauti peke yake, kilobiti 48 kwa sekunde. Mpira mzima ni chini ya MB 50, na sauti hiyo hupita hata mahali ambapo simu inaonyesha kijiti kimoja cha mtandao. Nahodha ndiye aliyeipenda zaidi, kwa kuwa vijana wanasikiliza huku mikono iko kazini, na fundi wa injini amerudi kwenye injini. Picha huifungua fainali tu, wakiwa wametia nanga, kwa bando ambalo mabaharia wote wamechanga.