Mizani ya Fimbo na Ndoo Mbili

Mtu asomeaye ualimu hupelekwa kwanza shuleni kufanya mazoezi ya kufundisha, na huko ndiko ajuako kama ameyaelewa aliyofundishwa chuoni au ameyakariri tu. Mimi nilipelekwa Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, katika shule moja ya msingi iliyozungukwa na migomba na mibuni, nikakabidhiwa hesabu za Darasa la Tatu. Ulikuwa mwezi wa Julai, na katika kila ua kahawa ilikuwa imeanikwa juani.

Somo langu la kwanza lilikuwa vipimo vya uzito. Niliandika ubaoni kwamba kilo 1 ni gramu 1000, watoto wakaitikia kwa sauti moja, nami nikafurahi. Siku ya tatu nikauliza: kilo moja ya maharage na kilo moja ya kahawa ya maganda, ipi nzito? Darasa zima likajibu, "Maharage, mwalimu!" Hapo nikatambua kwamba muda wote ule nilikuwa nikiwafundisha kuimba. Wengi wao nyumbani husema Kinyambo, na neno "gramu" kwao lilikuwa sauti tu.

Usiku ule nilimkumbuka maalimu wetu wa madrasa. Yeye hakutuandikia udhu ubaoni. Alitutoa nje, akashika birika, akatawadha mbele yetu, kisha kila mmoja wetu akatawadha mbele yake, na aliyesahau kisigino alirudia. Mengi niliyoandika utotoni yamepotea pamoja na madaftari yake, lakini udhu sijapata kuusahau. Nikajiuliza kwa nini kilo nayo isifundishwe vivyo hivyo.

Shule haikuwa na mizani, basi tukaitengeneza: fimbo iliyonyooka, kamba ya mgomba katikati, na ndoo ndogo mbili zilizo sawa, moja kila ncha. Jiwe la mizani likawa maji, kwa kuwa lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, na chupa tupu ya nusu lita haikosekani. Mtoto mmoja wa kike, ambaye nilikuwa nimekwisha ambiwa kuwa ni mzito wa kuelewa, ndiye aliyeona kwamba fimbo yetu ilielemea upande mmoja hata kabla ya kutiwa kitu. Aliisogeza kamba kidogo kidogo mpaka ikatulia. Mimi nilikuwa sijaona. Kisha wakapima maharage, wakapima kahawa, wakashangaa kuona nusu kilo ya kahawa imejaza ndoo zaidi.

Kelele hazikuwa haba, na mwenzangu mmoja alichungulia dirishani akauliza kama soko limehamia shuleni. Tangu mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipotoa "Elimu ya Kujitegemea", twasikia kwamba elimu yetu ni ya vitendo. Lakini mara nyingi vitendo hivyo vimekuwa jembe tu, tena kwa adhabu. Mtoto alimaye shamba la shule bila kupima mstari wala kuhesabu mbegu hajifunzi neno ambalo mama yake hajamfundisha.

Siku chache baadaye akaja baba yake yule binti, uso umekunjamana.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwalimu. Nimemleta mtoto asome, naye ananiuliza debe langu la kahawa lina kilo ngapi. Wewe ndiye uliyemtuma?"

Wasomaji wa pwani huenda hawaijui butura. Ni kuuza kahawa ingali ua au tunda bichi mtini: mnunuzi hutoa fedha kidogo wakati wa shida, na mavuno yakija huwa yake. Serikali imeipiga marufuku, lakini ugonjwa na sare za shule havingoji mavuno. Mzee huyu alikuwa ameahidi madebe 12, na kila debe lilijazwa mpaka likafanya kichuguu. Aisomaye Sura ya 83 ajua jinsi Mwenyezi Mungu alivyowakemea wapunjao vipimo. Lakini mpunjwaji atajuaje, naye hana cha kupimia?

Nilimwomba alete debe moja. Alikaa juu ya dawati la watoto, magoti yakimfika kifuani, na binti yake akapima nusu kilo nusu kilo, akichora kistari ubaoni kila mara. Walipima debe lenye kichuguu, kisha lililosawazishwa. Tofauti ilikuwa karibu kilo 1. Mzee alivihesabu vile vistari mwenyewe, mara mbili, bila kusema kitu.

"Saba yamekwisha kwenda," akasema mwishowe.

Yale saba hayakurudi. Matano yaliyobaki aliyapeleka yamesawazishwa kwa kipande cha ubao, na binti yake alimfuata nyuma, amebeba ile fimbo.