Singeli: bidhaa moja, walaji wa aina mbili

Mfanyabiashara mdogo wa Mbagala au Tandale anayetaka kuweka akiba yake katika muziki wa singeli, awe ananunua spika za kukodisha, anafungua studio ya chumba kimoja au anamdhamini kijana mwenye kipaji, ana swali moja la kujibu kabla hajatoa fedha. Swali hilo si kama singeli inapendwa. Inapendwa, na hilo halina ubishi kwa mtu yeyote aliyepata kulala Temeke au Kinondoni usiku wa kuamkia harusi. Swali ni inapendwa na nani, na kati ya hao wanaoipenda ni nani anayelipa.

Wiki hii safu hii inaangalia soko hilo, kwa sababu wengi wanaoingia humo huchanganya mambo mawili: umaarufu na mauzo. Katika singeli mambo hayo hayaendi njia moja, na mtaji wa mtu unaweza kupotea katikati.

CHIMBUKO LA BIDHAA

Singeli haikuanzia katika studio kubwa. Ilizaliwa uswahilini, katika maeneo kama Manzese, Tandale na Mburahati, miaka ya 2000, ikiwa mtoto wa mchiriku na taarabu. Mchiriku, uliovuma miaka ya 1990, ulipigwa kwa vinanda vidogo vya Casio, ngoma na vipaza sauti vilivyochakaa. Kundi la Jagwa Music la Mwananyamala ndilo lililoutoa nje ya nchi muziki huo, hasa kwa albamu yao ya mwaka 2012, Bongo Hotheads.

Vijana wa singeli walichukua kipande cha ala cha taarabu au mchiriku, wakakirudiarudia kwa kompyuta na kukiongeza kasi, kisha mwimbaji akaweka maneno juu yake. Gharama ya kuzalisha ilikuwa ndogo mno: kompyuta moja ya mitumba, programu kama Virtual DJ au FL Studio, na kipaza sauti. Kwa lugha ya biashara, kizuizi cha kuingia sokoni kilikuwa karibu hakipo. Ndiyo maana ugavi ulikuwa mkubwa tangu mwanzo, na ndiyo maana bei ya wimbo mmoja ilikuwa ndogo, mara nyingi bure kabisa, ukihamishwa kutoka simu hadi simu au ukijazwa kwenye fleshi katika vibanda vya mtaani.

Mahali pa kuuzia palikuwa kigodoro, yaani sherehe ya mtaani inayokesha, mara nyingi kabla ya harusi, unyago au shughuli nyingine ya familia. Aliyelipa hapo hakuwa msikilizaji mmoja mmoja. Alikuwa mwenye shughuli. Jambo hili msomaji alishike, kwa maana tutalirudia.

MADARAJA MAWILI

Hadi katikati ya miaka ya 2010, watu wengi wa maeneo yenye uwezo waliuona muziki huu kuwa wa wahuni. Mabadiliko yalianza pale redio za Dar es Salaam, EFM ikiwa mstari wa mbele, zilipoupa singeli nafasi ya kutosha hewani. Msaga Sumu, aliyekuwa akijulikana mitaani kwa muda mrefu, akawa jina la nchi nzima. Mwaka 2016 Man Fongo alivuma kwa wimbo wake Hainaga Ushemeji, na wengine kama Sholo Mwamba na Dulla Makabila wakafuata. Baadaye hata wasanii wa Bongo Fleva walianza kutia ladha ya singeli katika kazi zao.

Lakini bidhaa iliyofika redioni haikuwa ile ile iliyotoka mtaani. Mapigo yalipunguzwa kasi, maneno yakasafishwa, kiitikio kikawekwa mahali ambapo mtu anaweza kukikumbuka. Hiyo ndiyo singeli ya daraja la kwanza la soko: ya redio, ya kumbi za harusi, ya matangazo ya biashara na ya majukwaa ya kampeni.

Daraja la pili lilibaki na kasi yake. Huko mapigo ni 200 hadi 300 kwa dakika. Kwa kulinganisha, nyimbo nyingi za Bongo Fleva huenda kwa mapigo yapatayo 100 tu. Katika studio ya Sisso huko Mburahati, mtaa uliokuwa ndani ya Wilaya ya Kinondoni kabla ya kuundwa kwa Wilaya ya Ubungo, vijana waliendelea kutengeneza muziki wa namna hiyo bila kujali redio inataka nini. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, Uganda, ilitoa mkusanyiko wa kazi zao uitwao Sounds of Sisso. Zikafuata albamu za Bamba Pana mwaka 2018, Jay Mitta na Duke mwaka 2019, na DJ Travella mwaka 2022. Vijana hao wakaitwa kupiga katika matamasha ya Ulaya, mbele ya watu wasiojua neno moja la Kiswahili.

Hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu. Mtu akisikia kijana wa Mburahati amepiga Ujerumani au Poland, anadhani nyimbo zake zinatikisa Kariakoo. Mara nyingi sivyo. Na mtu akisikia wimbo unapigwa redioni mchana kutwa, anadhani Wazungu nao wanautaka. Wao wanataka ule wa kasi, ule ambao mtangazaji wa redio angeuona ni kelele. Bidhaa inaitwa kwa jina moja, lakini walaji ni wa aina mbili na hawaingii duka moja.

FUNZO KUTOKA CROYDON

Jambo hili si geni duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, huko Croydon, kitongoji cha kusini mwa London ambacho kwa umbali na heshima yake mjini tunaweza kukifananisha na Temeke yetu, vijana waliokuwa wakikutana katika duka la sahani za muziki la Big Apple walianzisha mtindo uitwao dubstep. Ulikuwa muziki wa mapigo yapatayo 140 kwa dakika, wenye besi nzito na nafasi nyingi za ukimya, uliotengenezwa kwa ajili ya spika kubwa katika vyumba vyenye giza. Wanunuzi wake walikuwa wachache, lakini waliujua vizuri.

Kufikia mwaka 2010, baadhi ya vijana wale wale, Skream, Benga na Artwork, walikuwa wameunda kundi la Magnetic Man na kuingia katika chati za Uingereza. Mwaka 2012 Mmarekani Skrillex akatwaa tuzo tatu za Grammy kwa muziki ulioitwa kwa jina hilo hilo la dubstep, ingawa sauti yake ilikuwa nyingine: kali, ya kelele za katikati zaidi kuliko besi ya chini, na iliyofaa viwanja vikubwa vya Marekani. Wanunuzi wa mwanzo walikasirika, wakasema muziki wao umeharibiwa, hata wakautungia mtindo mpya jina la kejeli. Wanunuzi wapya hawakujua kwamba kulikuwa na ugomvi.

Nani alikuwa sahihi? Kwa mtu wa masoko swali hilo halina faida. Lenye faida ni kuona yaliyofuata. Soko kubwa lilipanda haraka na kushuka haraka. Baada ya miaka michache umati ulikuwa umehamia mitindo mingine, na Skream mwenyewe akageukia muziki wa disko na hausi. Soko dogo la wapenzi wa sauti ya kwanza halikuwahi kuwa na fedha nyingi, lakini halikufa. Kwa maneno mengine, ladha ya wengi hulipa vizuri kwa muda mfupi, na ladha ya wachache hulipa kidogo kwa muda mrefu. Anayenunua mali ya soko moja kwa hesabu ya soko lingine ndiye anayepata hasara.

FEDHA IKO WAPI?

Turudi Dar es Salaam. Kwa mwekezaji mdogo, ipo milango mitatu ya kuingilia katika singeli.

Mlango wa kwanza ni kumdhamini msanii ili apigwe redioni. Hapa faida inaweza kuwa kubwa, lakini ni biashara ya kubahatisha. Gharama za video, mavazi na matangazo hutangulia, na mapato huja baadaye kama yakija. Aidha, wimbo wa singeli huzeeka upesi kwa sababu kila wiki upo mwingine mpya.

Mlango wa pili ni studio inayolenga walaji wa nje. Mtaji wake ni mdogo, lakini mauzo yanategemea kujuana na wasambazaji na waandaaji wa matamasha wa nje, na malipo huja kwa vipindi virefu. Anayeingia hapo awe na kazi nyingine ya kumlisha.

Mlango wa tatu ndio wa zamani kuliko yote: kukodisha muziki kwa shughuli. Hapa mlipaji ni mwenye sherehe, naye hulipa kabla au papo hapo. Hajali kama wimbo uko nafasi ya kwanza redioni. Anajali spika zisizime na watu wacheze. Huko madaraja yote mawili hukutana usiku mmoja: jioni mama zake bibi harusi wanataka taarabu na singeli ya maneno ya kueleweka, ili wapate kutunza kwa noti, usiku wa manane vijana wanataka kasi. Mpiga muziki anayejua kugawa usiku huo ndiye anayeitwa tena.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tarakimu hizi ni za kufundishia tu, si bei za soko. Tuseme mtu amenunua seti ya spika, mashine na jenereta kwa shilingi 6,000,000. Kila shughuli ikimwachia shilingi 100,000 baada ya mafuta, usafiri na ujira wa vijana, na akapata shughuli tatu kwa mwezi, atahitaji miezi 20 kurudisha mtaji. Akipata mbili, ni miezi 30. Na hapo hajahesabu spika iliyopasuka wala mvua ya masika.

Tena shughuli hazigawanyiki sawa katika mwaka. Mwezi wa Shaabani watu huharakisha kuoza kabla ya mfungo. Ramadhani soko hulala kabisa. Mfunguo mosi linaamka kwa kishindo. Anayekopa fedha ya kununua vifaa kwa marejesho ya kila mwezi aujue mzunguko huo, kwa maana mkopeshaji hafungi Ramadhani.

HATARI MBILI

Hatari ya kwanza ni amri ya serikali. Kwa nyakati mbalimbali viongozi wa Dar es Salaam wamewahi kupiga marufuku vigodoro kwa sababu za maadili na usalama, na zipo kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo zinazosimamiwa chini ya sheria ya mazingira. Mtaji uliolala kwenye spika unaweza kukaa stoo miezi kadhaa kwa tamko la siku moja. Mwenye busara hupata kibali kwanza, na hutafuta pia wateja wasiotegemea kukesha: mahafali, mikutano, uzinduzi wa maduka.

Hatari ya pili inamhusu msanii zaidi, lakini humgeukia mwekezaji. Sehemu kubwa ya singeli imejengwa juu ya vipande vya kazi za watu wengine, na makubaliano kati ya mwimbaji, mtayarishaji na mfadhili mara nyingi ni ya mdomo. Wimbo ukibaki mtaani, hakuna anayeuliza. Ukitumiwa katika tangazo au ukiuzwa nje, kila mmoja hujitokeza kudai. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo, na COSOTA husajili kazi. Januari 2022 ofisi hiyo iligawa mirabaha kwa wanamuziki kutokana na kazi zilizochezwa. Lakini mirabaha humfikia yule ambaye jina lake limeandikwa. Kijana aliyetengeneza mdundo usiku kucha Mburahati na hakuandika mahali popote, hana cha kudai. Mfadhili aliyemlipia bila karatasi, naye hana.

USHAURI KWA MSOMAJI

Kwanza, amua unamuuzia nani: redio, nje, au mwenye shughuli. Usinunue vifaa vya mmoja kwa matumaini ya mwingine. Pili, usipime soko kwa masikio yako. Mtu wa makamo anaweza kuuchukia muziki wa mapigo 250 na bado akapata riziki yake humo, kama vile muuza pweza asiyekula pweza. Tatu, andikeni mkataba, hata kama ni ukurasa mmoja uliosainiwa mbele ya mjumbe. Nne, rudisha mtaji kwanza kabla ya kuongeza spika, kwa sababu umati wa leo unaweza kuhama kama ulivyohama ule wa dubstep.

Walaji wataendelea kubishana ipi ndiyo singeli yenyewe, ya redioni au ya Mburahati. Mfanyabiashara awaache wabishane, yeye ahakikishe jenereta lina mafuta na risiti imeandikwa.