Homoni ya Kiume na Kinga Iliyoasi

Watu wa Kagera hawahitaji kufunzwa thamani ya kinga ya mwili, kwani tangu mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walipogunduliwa mkoani humo, wamezika ndugu na majirani ambao kinga ilikuwa imewaishia. Kuna maradhi yaliyo kinyume cha hayo, ambamo kinga haipungui bali huasi, ikaushambulia mwili uleule iliowekwa kuulinda. Baridi yabisi ya viungo, lupasi na kisukari cha aina ya kwanza ni katika ukoo huo. Mwanamume aliyepatwa nayo, awe wa Kagondo ya Manispaa ya Bukoba au wa ile ya Muleba yenye hospitali ya Kanisa Katoliki, aghalabu huwa na shtaka la pili ambalo huona soni kulitamka mbele ya tabibu: nguvu zimemtoka, hamu ya unyumba imekatika, na mkungu wa ndizi umemshinda kuubeba.

Hapo ndipo humjia fikra ya sindano ya testosteroni, homoni ambayo Adolf Butenandt na Leopold Ruzicka, kila mmoja kwa njia yake, waliiunda maabarani mwaka 1935. Fikra hiyo si ya kipumbavu. Katika kila wagonjwa 10 wa lupasi takriban 9 ni wanawake, na testosteroni yaelekea kuituliza kinga. Kwa hiyo wataalamu wengi walidhani kwamba homoni ya kiume ndiyo ngao. Walakini jambo hili lina fumbo lake. Wanaume waliozaliwa na kromosomu ya X ya ziada hupata lupasi takriban mara 14 zaidi ya wanaume wengine, nao, pamoja na kromosomu hiyo, aghalabu wana testosteroni haba. Basi ni lipi lililowaponza, upungufu wa homoni au ile X ya pili, ambayo hubeba jeni kadhaa za kinga? Dalili nyingi za siku hizi zaelekeza kidole kwenye X.

Tena, sababu na matokeo hubadilishana nafasi. Uvimbe wa maradhi yenyewe huzuia amri zitokazo ubongoni kwenda korodani, na prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga wanayopewa wengi wa wagonjwa wa maradhi haya, huzuia vilevile. Hivyo huenda homoni imeshuka kwa kuwa maradhi hayajadhibitiwa, na maradhi yakidhibitiwa ikapanda yenyewe. Jaribio lililochapishwa Uingereza mwaka 1996, ambamo wanaume wenye baridi yabisi walidungwa testosteroni kwa miezi 9, halikuonyesha nafuu ya maana katika viungo vyao.

Hukumu yangu, basi, ni kwamba homoni hii ni ya kujaza upungufu uliothibitika, wala si tiba ya kinga iliyoasi. Upungufu huthibitishwa kwa damu iliyotolewa asubuhi, katika siku mbili mbalimbali. Na kwa kuwa kipimo hiki hakifanywi katika kila maabara, huenda mgonjwa akalazimika kufika Bukoba, au hata hospitali ya Bugando, Mwanza. Apewapo dawa, damu yake ipimwe mara kwa mara, maana testosteroni huongeza chembe nyekundu, na hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe hizo, ikivuka asilimia 54 dawa husimamishwa. Mwenye lupasi ambaye damu yake ina kingamwili za kugandisha ana sababu maradufu ya hadhari, kwani uchunguzi mkubwa wa mwaka 2023, uliohusisha wanaume zaidi ya 5,000, ulionyesha kwamba waliotumia homoni hii walipatwa zaidi na mabonge ya damu mapafuni, ingawa mishtuko ya moyo haikuzidi. Na anayetaka bado kuzaa ajue kwamba sindano hii hupunguza mbegu, pengine zikatoweka kabisa; jambo ambalo wauzaji wa vumbi la Kongo na makopo yasiyo na anwani hawatamwambia, ilhali wao hata homoni yenyewe hawana.

Wala mtu asiache prednisoloni kwa ghafla kwa dhana kwamba ndiyo imwibiayo ujana wake. Tezi za adrenali zilizolazwa na dawa hiyo kwa miezi haziamki kwa siku moja, na wapo waliopoteza maisha kwa haraka hiyo. Dozi ipunguzwe kidogo kidogo, kwa amri ya tabibu.