Nürburgring: Njia ya Mashindano Iliyochongwa na Wasio na Kazi

Mtu akisikia habari za mashindano ya motokaa hudhani kuwa ni mchezo wa matajiri, watu wenye fedha za kuchoma petroli bila ya kwenda popote. Mara nyingi hakosei. Lakini iko njia moja ya mashindano huko Ujerumani, iitwayo Nürburgring, ambayo asili yake si anasa bali ni shida. Ilichongwa katika milima ya Eifel na watu waliokosa kazi, katika nchi ambayo mkulima alilima mwaka mzima na mwisho wake akavuna kidogo.

Eifel iko upande wa magharibi wa Ujerumani, kuelekea mpaka wa Ubelgiji. Ni nchi ya vilima na misitu. Udongo wake ni mwembamba na wenye mawe, mvua ni nyingi, na baridi yake hukawia kuondoka. Watu wa mijini waliifanyia mzaha wakaiita Siberia ya Prussia. Katika karne ya 19 jamaa nyingi za huko ziliacha mashamba zikavuka bahari kwenda Marekani. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha mwaka 1918 hali ilizidi kuwa mbaya, na mwaka 1923 fedha ya Ujerumani ilianguka thamani hata noti za mamilioni hazikutosha kununua mkate mmoja.

Katika wilaya ya Adenau, iliyo katikati ya milima hiyo, mkuu wa wilaya alikuwa Dkt. Otto Creutz. Bwana huyu alikuwa ameona jambo. Tangu mwaka 1922 yalikuwapo mashindano ya motokaa na pikipiki katika barabara za kawaida za Eifel, na watu walifika kwa wingi kuyatazama. Lakini barabara zile zilipita vijijini, mbele ya milango ya watu, na hatari yake haina haja ya kuelezwa. Basi Creutz alifikiri: kwa nini isijengwe njia ya pekee, isiyo na kazi nyingine, ambayo viwanda vitaitumia kujaribia motokaa mpya na wenye kushindana wataitumia siku za mashindano? Na watakaoijenga wawe ni wale wale wanaoketi nyumbani bila kazi. Aliomba fedha za serikali zilizotengwa kwa ajili ya kuwapatia kazi wasio na kazi, naye akapewa. Miongoni mwa waliomwunga mkono alikuwa meya wa mji wa Köln, Bw. Konrad Adenauer, yule ambaye mwaka 1949 alikuja kuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Ujerumani ya Magharibi.

Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 27 Septemba 1925. Kwa muda wa miaka karibu miwili vibarua zaidi ya 2,000 walikata miti, wakapasua miamba, wakajaza mabonde na kumwaga kifusi. Gharama zilizidi sana makadirio ya kwanza, na wakubwa wa Berlin walinung'unika, kama wakubwa wanavyonung'unika kila mahali hesabu zinapofika mezani. Lakini kazi haikusimamishwa, na mshahara uliingia katika nyumba ambazo kwa muda mrefu hazikuwa zimeuona.

Njia ilifunguliwa rasmi mwezi Juni 1927. Tarehe 18 zilikimbia pikipiki, na kesho yake motokaa, na mshindi wa siku ile ya pili alikuwa kijana Rudolf Caracciola katika motokaa ya Mercedes-Benz.

Yafaa msomaji aelewe ukubwa wa kitu hiki. Njia nyingi za mashindano ni za kilomita nne au tano tu. Nürburgring, ukiunganisha sehemu yake ya kaskazini na ile ya kusini, ilikuwa na urefu wa kilomita 28 na zaidi, yaani maili 17 na nusu. Mtu wa miguu mwenye mwendo mzuri angehitaji saa sita kuizunguka mara moja. Sehemu ya kaskazini peke yake, ambayo ndiyo iliyopata sifa, ilikuwa na kilomita 22.8. Ilizunguka kijiji cha Nürburg na magofu ya ngome yake ya kale, ikateremka hadi mtoni, ikapanda tena. Na kati ya mahali pa chini kabisa na pa juu kabisa palikuwa na tofauti ya mita 300 hivi. Kona zake zilizidi mia, na nyingi zimejificha nyuma ya kilima au nyuma ya miti, hata dereva haoni anakokwenda ila kwa kukumbuka. Mara nyingi mvua ilinyesha upande mmoja huku upande wa pili jua likiwaka.

Katika njia ya namna hii nguvu za injini pekee hazikutosha. Jambo hilo lilidhihirika tarehe 28 Julai 1935. Wakati ule serikali ya Hitler ilikuwa ikitoa fedha kwa viwanda vya Mercedes-Benz na Auto Union ili motokaa za Kijerumani zishinde kila mahali na kuitangazia dunia ukuu wa utawala wake. Siku ile motokaa tisa za viwanda hivyo viwili zilisimama mstarini. Kati ya walioshindana nazo alikuwamo Mwitaliano mmoja mfupi wa kimo, Tazio Nuvolari, mwenye umri wa miaka 42, katika Alfa Romeo ambayo kwa nguvu ilikuwa imekwisha kupitwa. Mvua ilikuwa imelowesha njia. Nuvolari alipata kuongoza, lakini aliposimama kuongeza petroli, pampu iliharibika, ikawabidi watu wake kumimina kwa madebe. Zikapotea dakika mbili na zaidi, naye akarudi nyuma ya wengi.

Akaanza kuwakamata mmoja baada ya mmoja. Walipoingia mzunguko wa mwisho, mbele yake alibaki Mjerumani Manfred von Brauchitsch peke yake, naye alikuwa ametangulia kwa nusu dakika hivi. Lakini von Brauchitsch, kwa kukimbilia, alikuwa amezila tairi zake hata ukaonekana uzi wa ndani. Moja ilipasuka zikiwa zimesalia kilomita chache, na mkubwa wa mashindano alilazimika kumpa ushindi mgeni yule mbele ya maofisa waliokuja kushangilia wao.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, njia ilitengenezwa na mashindano yakaanza tena. Siku iliyo kubwa kuliko zote za wakati huo ni tarehe 4 Agosti 1957. Juan Manuel Fangio wa Argentina, mwenye miaka 46, aliendesha Maserati. Wapinzani wake, Mike Hawthorn na Peter Collins, vijana wa Kiingereza, waliendesha Ferrari zilizojazwa petroli ya kumaliza mizunguko yote 22. Fangio alianza na nusu tu ya petroli ili motokaa yake iwe nyepesi, akinuia kusimama katikati. Akatangulia kwa sekunde 30 hivi, kisha katika mzunguko wa 12 akasimama. Watu wake wakachelewa kubadili magurudumu, karibu dakika nzima. Alipoondoka, vijana wale walikuwa mbele kwa sekunde 48.

Yaliyofuata yamesimuliwa mara nyingi. Mzunguko baada ya mzunguko alivunja rekodi ya njia ile, halafu akaivunja rekodi yake mwenyewe. Mzunguko wake wa kasi kuliko yote ulichukua dakika 9 na sekunde 17.4, sekunde nane pungufu ya ule aliouweka wakati wa majaribio. Katika mzunguko wa 21 akawapita wote wawili, akashinda kwa sekunde tatu na kitu. Ushindi huo ulimpa ubingwa wa dunia wa tano. Baadaye Fangio alikiri kwamba hakuwa amewahi kuendesha namna ile maishani mwake, wala hakutamani kurudia. Collins, mmoja wa vijana wale wawili, alikufa mwaka uliofuata katika njia ile ile.

Hapo ndipo penye shida ya Nürburgring. Urefu ule uliowapa watu kazi, na ulioifanya njia iwe na sifa duniani, haukuweza kulindwa. Motokaa ikiacha njia msituni, nani ataiona? Gari la wagonjwa litafika saa ngapi? Katika njia ya kilomita nne unaweza kuweka watu wa kuzima moto kila kona. Katika kilomita 22.8 za milima huwezi. Na motokaa zilizidi kuwa za kasi kila mwaka, lakini miti haikusogea. Mskoti Jackie Stewart, aliyeshinda pale mwaka 1968 katika ukungu na mvua kwa tofauti ya dakika nne na zaidi, ndiye aliyeipa njia hiyo jina la Jehanamu ya Kijani. Alisema kwamba kila alipoondoka nyumbani kwenda huko, hakuwa na hakika kuwa atarudi.

Mwaka 1970 madereva walikataa kukimbia pale, na mashindano yakahamishiwa Hockenheim. Wenyeji wakakata miti, wakasawazisha matuta, wakaweka kingo za chuma, na mwaka uliofuata madereva wakarudi. Lakini mwaka 1976 bingwa wa dunia, Niki Lauda wa Austria, aliona kwamba bado haitoshi. Si mwoga aliyesema hivyo. Mwaka uliotangulia yeye ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kuizunguka njia ile kwa muda usiofika dakika saba. Aliwaomba wenzake wakatae kushindana. Wakapiga kura, naye akashindwa.

Tarehe 1 Agosti 1976, katika mzunguko wa pili, Ferrari ya Lauda iliacha njia ikagonga ukingo, ikarudi katikati ya njia huku inawaka moto, na motokaa nyingine ikaigonga. Waliomtoa katika ndimi za moto hawakuwa watu wa zima moto, kwa maana hao walikuwa mbali. Walikuwa madereva wenzake: Arturo Merzario, Guy Edwards, Brett Lunger na Harald Ertl, walioacha motokaa zao wakaingia motoni. Uso wake uliungua, na moshi wa sumu ukaingia mapafuni. Hospitalini padre aliitwa kumpa sakramenti ya wanaokufa. Wiki sita baadaye Lauda alikuwa Monza, Italia, amefungwa bendeji kichwani, akamaliza wa nne.

Mashindano ya aina ile aliyoungulia Lauda hayakurudi tena katika njia ile ya kale. Mwaka 1984 ilifunguliwa njia mpya kando yake, ya kilomita 4.5, pana na yenye nafasi za kutosha za motokaa kupotelea bila ya kugonga kitu. Ni salama, na wengi walisema haina ladha. Lakini waliosema hivyo, nadhani, wengi wao walikuwa watazamaji.

Fedha nazo zilileta msiba wake. Mwaka 2009 serikali ya jimbo ilikuwa imejenga pale mahoteli na nyumba za burudani, kwa sababu ile ile ya Dkt. Creutz, yaani kuwapatia kazi watu wa Eifel. Safari hii wageni waliotazamiwa hawakuja. Waziri wa fedha wa jimbo alijiuzulu, na mwaka 2012 kampuni iliyomiliki njia ikatangazwa kuwa imefilisika, na mamilioni ya walipa kodi yakapotea. Mwaka 2014 mali yote iliuzwa kwa kampuni ya watu binafsi.

Ile njia ya kale ingalipo, imepunguzwa kidogo ikabaki na kilomita 20.8. Viwanda hupeleka motokaa zao huko kuzijaribu, kama Creutz alivyopanga. Na siku ambazo hakuna shughuli nyingine, mtu yeyote mwenye leseni hulipa ushuru langoni, kama ilivyokuwa tangu mwaka 1927, akaingia na motokaa yake mwenyewe, akateremka kuelekea msituni.