Kitambuzi Kinapochakaa: Vipimo vya Mnururisho katika Kilima cha Mrima

Kilima cha Mrima, magharibi mwa Msambweni katika Kaunti ya Kwale, kina thoriamu ardhini. Ndiyo sababu mnururisho wake huzidi ule wa sehemu nyingi za pwani. Aina moja ya chombo cha kuupima huwa na fuwele itoayo mmweko inapopigwa na mwale wa gama, na neli igeuzayo mmweko huo kuwa elektroni na kuzizidisha mara nyingi. Hapo ndipo penye uchakavu. Mabamba ya neli hudhoofika kwa kutumika. Fuwele nayo hugeuka manjano, unyevu wa bahari ukipenya kifuniko. (Neno “kuchakaa” humkumbusha msikilizaji nguo kuukuu, chombo hiki kwa nje chaweza kung’aa kama kipya.)

Basi mwale unaotambulisha thoriamu, wa megaelektronivolti 2.61, husomeka chini ya kiwango chake na kutohesabiwa. Ramani mpya ya kilima itaonyesha kwamba thoriamu imepungua, ilhali nusu ya thoriamu huhitaji miaka bilioni 14 kutoweka! Mwanakijiji ataambiwa yu salama, kumbe iliyopungua ni nguvu ya neli.

Kila asubuhi, kabla ya kupanda kilima, mpimaji huutazama mwale wa potasiamu, wa megaelektronivolti 1.46. Ukisomeka pengine, huongeza volteji ya neli hadi urudi mahali pake.